Mipira Mitatu ya Breki

Nasreen alichelewa dakika ishirini, na kuchelewa huko ndiko kulikomwacha hai.

Alikuwa mkunga. Pikapu ile nyeupe aliinunua imeshatumika, akaipeleka gereji moja ya Gerezani, nyuma ya Kariakoo, inyanyuliwe na kukazwa ili imfikishe kwa wajawazito wa vijiji vya ndani huko Liwale, ambako mvua zikianza barabara inageuka uji. Ijumaa hiyo, saa kumi kamili jioni, alitakiwa akutane na fundi Ismail kwenye bonde la Msimbazi, akae kiti cha abiria, aone jinsi gari lake linavyomeza matuta. Alifika saa kumi na dakika ishirini. Akaliona chini ya mteremko, pua imebonyea kwenye ukuta wa zege wa karavati, honi inalia bila kukoma. Ismail alikuwa ndani, na usukani ulikuwa umemwingia kifuani.

Inspekta Victoria Haule, mkaguzi wa magari wa polisi, alifika saa kumi na moja na nusu. Sajenti Bakili alikuwa ameshaifunga kesi kichwani mwake.

"Mwendo, afande," alisema Bakili. "Fundi kijana, gari limepandishwa juu, kalirusha kwenye tuta kwa mbwembwe. Andika tu tuliondoe, watu wanajaa."

Victoria alivua kofia, akatandika gunia kwenye tope, akalala chali na kujisukuma chini ya pikapu akiwa na tochi mdomoni.

Kazi aliyoikuta huko ilikuwa ya mtu anayejua anachofanya. Springi mpya za nyuma, nene, zilizopangwa vizuri. Shokapu ndefu. Bodi imepanda inchi tatu. Propela, lile bomba linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imepelekwa kwa watu wa mashine ikarefushwa kwa kipimo, na difu ya nyuma imewekewa loki ili magurudumu yote mawili yavute hata moja likiwa hewani. Na kwenye kila nati, bila kuruka hata moja, fundi alikuwa amechora mstari mwembamba wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilichoishika. Nati ikilegea, mstari unakatika na unaonekana.

Kisha tochi ikaangukia mipira ya breki, na Victoria akasahau tope lililokuwa linamwingia kwenye kola.

Gari likinyanyuliwa, magurudumu yananing'inia mbali zaidi na bodi. Mipira inayopeleka mafuta ya breki lazima iwe mirefu zaidi, la sivyo siku gurudumu likiachwa hewani mpira unavutika mpaka unakatika. Pikapu hii ilikuwa na mipira mitatu, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Yote mitatu ilikuwa mifupi. Yote ilikuwa mikuukuu, imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Na yote mitatu ilikuwa imekatika.

Alisogeza tochi. Kwenye mabamba ya chasisi yanayoshika vichwa vya mipira, ile mistari ya njano ilikuwepo, lakini nusu tu. Ilianza kwenye bamba, ikafika ukingoni, ikaishia hapo. Kwenye vichwa vya mipira hapakuwa na rangi kabisa.

Alitoka chini ya gari taratibu. Alichungulia ndani: handbreki ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Akageuka kuutazama mteremko. Kutoka kwenye tuta la juu kulikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya nyuma, mirefu, imepinda huku na kule. Mtu huyu hakuwa amekufa kwa mbwembwe. Alipigana na gari lile mita sitini nzima.

"Bakili," alisema Victoria. "Hili gari asiliguse mtu. Linakwenda yadi ya kituo likiwa hivi hivi, na wewe unalala nalo."

"Afande, ni ajali."

"Kuna mtu amefungua mipira mizuri akafunga mibovu. Ukinitajia tena neno ajali, utaliandika wewe kwenye ripoti, na mimi nitakuja kukuuliza mbele ya hakimu uliingia chini ya gari saa ngapi."

*

Jumamosi, saa mbili asubuhi, gereji ilikuwa imefunguliwa lakini hakuna aliyeshika spana. Mwenye gereji, Abdulatif, mtu mnene wa miaka hamsini, alimpokea Victoria kwa kiti cha plastiki na soda ambayo hakuigusa.

"Ismail alikuwa kijana wangu, afande. Lakini vijana wa siku hizi wana haraka. Labda mipira alisahau."

"Alikumbuka kupaka rangi kila nati, akasahau breki?"

Abdulatif alifuta jasho. "Mimi jana sikuwepo hapa. Kuanzia saa tano nilikuwa bandarini na wakala, tunatoa mzigo wa injini. Nimerudi saa tisa na nusu, Ismail alikuwa anaosha mikono aende bondeni. Muulize wakala."

Victoria alimpigia wakala simu pale pale, na wakala akakubali. Akamgeukia mtu wa pili, aliyekaa kwenye tairi akiwa na kanzu na macho mekundu. Huyo ndiye fundi Anuari, mkongwe wa gereji, mtu wa miaka karibu sitini ambaye nusu ya mafundi wa mtaa walipitia mikononi mwake.

"Pole, mzee."

"Tumeshapoa, mwanangu. Kazi ya Mungu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilimwambia Ismail asikimbilie. Kazi ya kunyanyua gari inataka subira. Yeye alikuwa na mambo ya kitabuni, na ile rangi yake. Mbwembwe tupu. Fundi anajua kwa mkono kwamba nati imekaza."

"Gari lilikuwa na breki asubuhi?"

"Lilikuwa nazo. Yule mama mkunga alipanda naye saa nne, wakazunguka mpaka kituo cha mafuta wakarudi salama."

"Kwa hiyo kama kuna aliyeligusa, aliligusa kati ya saa nne na saa kumi. Nani alikuwa hapa muda huo?"

"Mafundi sote, mpaka saa sita na robo. Halafu sote tukaenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, na Ismail pia. Tukafunga geti. Hapa alibaki mama lishe na masufuria yake." Anuari aliinuka taratibu. "Utaniwia radhi, afande. Tunamzika leo baada ya swala ya alasiri. Nataka niwahi kumbeba."

Victoria alimtazama akiondoka, akamwonea huruma. Baadaye huruma hiyo ilimtia hasira kuliko jambo lolote jingine la siku ile.

Saa nne alikuwa kwenye duka la vipuri la Kitwana, mitaa miwili kutoka gereji, katikati ya wachukuzi wanaopiga kelele na mikokoteni inayogombea njia. Kitwana alikuwa kijana wa Kilwa, mwepesi wa maneno, lakini alipoona sare maneno yakakauka.

"Ismail alinunua kwako mipira ya breki?"

"Jumatano. Mitatu, mirefu, ile iliyofumwa kwa waya juu. Mizuri sana, afande, mimi siuzi feki."

"Iko wapi sasa?"

"Mimi nitajuaje? Niliuza."

Alijibu haraka mno, na jicho lake likaenda kwenye rafu ya nyuma likarudi. Victoria aliliona, akaliweka akiba.

"Unajua lolote jingine kuhusu Ismail?"

Kitwana alishukuru kubadilishiwa mada. "Alhamisi aligombana na bosi wake. Mtaa mzima ulisikia. Ismail anasema, 'Jumatatu naenda kusema, bosi, hata ukinifukuza.' Abdulatif anamwomba, anamshika shati kabisa. Mimi nilidhani watapigana."

Victoria alirudi gereji kwa miguu, kwa hatua ndefu, akipishana na watu bila kuomba radhi. Alimkuta Abdulatif kwenye chumba chake kidogo, akaufunga mlango nyuma yake.

"Jumatatu Ismail alikuwa anakwenda kusema nini?"

"Ni mambo ya kazi tu, afande."

"Mtu wako yuko kwenye sanda. Mambo ya kazi gani?"

Abdulatif akaanza kulia, machozi ya mtu aliyechoka kuogopa. "Mwaka juzi tulinyanyua pikapu ya dereva mmoja, Adamu. Alikuwa anapeleka abiria na mizigo Rufiji. Baada ya miezi miwili ikapinduka. Wakafa watu wawili. Adamu akafungwa miaka mitatu kwa uendeshaji wa hatari. Mabaki ya gari yaliletwa hapa tuchomoe vinavyofaa. Sasa mwezi uliopita Ismail anatafuta chuma kwenye rundo la nyuma, akaikuta propela ya gari lile." Akajifuta macho. "Ilikuwa imerefushwa kwa kuchomelewa hapa hapa gereji, bila kupelekwa kwenye mashine. Imekatikia palepale kwenye mchomeleo. Ismail akaniambia, bosi, yule mtu hakukimbiza gari. Propela ilikatika mbele, ikaanguka, ikachimba lami, ikalirusha gari. Alitaka ampelekee wakili wa Adamu. Nikamwomba asiimalize gereji. Basi. Wallahi sikumgusa."

Victoria alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Hakusikia sentensi za mwisho.

Aliikumbuka pikapu ya Adamu. Aliikumbuka kwa sababu hakuwahi kuiona. Ilipoletwa ripoti mezani kwake gari lilikuwa limeshavutwa na kufunguliwa. Alipewa picha sita na maelezo ya askari wa barabarani, na kulikuwa na kesi nyingine kumi na nne zikingoja. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe: hakuna hitilafu ya kiufundi iliyobainika. Mahakama ikaisoma sentensi hiyo kwa sauti.

"Nani aliichomelea?" aliuliza.

"Afande, gereji ina watu wengi…"

"Nani?"

Lakini Abdulatif aliinamisha kichwa, akagoma.

*

Zena, dada mkubwa wa Ismail, alikaa na wanawake kwenye mkeka katika chumba cha mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Victoria alivua viatu mlangoni, akajifunga khanga aliyokuja nayo, akakaa chini.

"Poleni na msiba, dada."

"Wewe ndiye Victoria Haule?" Zena aliuliza kwa sauti ya kawaida, na wanawake wakanyamaza. "Mdogo wangu alinisomea jina lako. Alikuwa na nakala ya hukumu. Alisema, dada, huyu mama kaandika gari lilikuwa zima, na propela hii hapa. Aliingia chini au aliandikia ofisini?"

Victoria angeweza kusema habari ya picha sita na kesi kumi na nne. Akaona aibu hata kuifikiria. "Niliandikia ofisini."

Zena akanyanyuka, akavuta kitu kizito kutoka uvunguni mwa kitanda, kimefungwa kwenye shuka. Kikatua sakafuni kwa kishindo. "Chukua. Alikihifadhi kwangu, alisema gereji hakikai salama. Sasa kione kwa macho yako."

Victoria alikifunua. Kipande cha propela, urefu wa mkono. Mchomeleo ulikuwa umezunguka bomba nusu tu. Sehemu nyingine ulikaa juu juu kama nta, na ndani kulikuwa na kutu ya zamani kabla ya ufa mpya. Ulikuwa ufa wa kumshtua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Picha sita hazikuwa nao.

"Alikwambia aliyechomelea?"

"Hakutaka kunitajia. Alisema ni mtu aliyemfundisha kushika spana, na kwanza amwendee mwenyewe, amwombe akiri kwa hiari yake. Alimwendea Alhamisi usiku." Zena alijifuta uso kwa ukingo wa mtandio. "Jana huyo huyo kabeba jeneza mbele kabisa. Mimi nimemjua sasa hivi, ninavyosema na wewe. Anuari."

Wanawake wakapaza sauti. Victoria akanyoosha mkono kuwatuliza. Sababu sasa alikuwa nayo, lakini sababu haimfungi mtu. Anuari alisema alikuwa msikitini, na siku ya Ijumaa msikiti unajaa mpaka barabarani. Nani atakumbuka sura ya nani?

Alitoka nje akasimama juani, akipitia kazi yenyewe kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya utotoni kwenye gereji ya baba yake Mbinga. Unafungua mpira wa kwanza, mafuta yanamwagika. Unafunga ule wa zamani. Unafanya hivyo mara tatu, dakika arobaini kwa fundi mzuri. Lakini mabomba sasa yana upepo, na breki yenye upepo inazama mpaka chini, dereva anaijua akiwa bado getini. Kwa hiyo lazima utoe upepo. Na kutoa upepo, mmoja analala chini anafungua na kufunga kinati cha kwenye gurudumu, na mwingine anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli akiambiwa. Ni kazi ya watu wawili.

Akaanza kutembea kwa kasi.

Fatuma, mama lishe wa getini, alikuwa anapepeta mchele wa siku inayofuata uani kwake, Mtaa wa Kiungani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Mama, Ijumaa wakati wa swala, kuna mtu alikuomba umkanyagie breki?"

"Si ndiye fundi Anuari," alisema Fatuma bila kuacha kupepeta. "Alirudi mapema, saa sita na nusu hivi, akasema tumbo linamsumbua. Akaingia chini ya ile pikapu nyeupe. Halafu akaniita, mama Fatu, njoo unisaidie, panda hapo. Yeye yuko chini anasema kanyaga, nakanyaga, achia, naachia. Mara nyingi mpaka mguu ukachoka. Nikamuuliza, mbona hamngoji Ismail? Akasema anamrekebishia kosa lake kimyakimya asije akaaibika mbele ya mteja. Nikamwona mtu mwema." Ungo ukasimama. Alimtazama Victoria, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika. "Mwanangu. Nimekanyaga nini mimi?"

"Hukufanya kosa, mama. Kwa nini hukusema Ijumaa?"

"Nimwambie nani? Askari walikuja, wakaniambia nisogeze masufuria yangu wapaki gari. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Victoria aliuma meno. Mwanamke huyu alikuwa amekaa getini siku mbili na jibu lote mkononi. Anuari mwenyewe alimtaja kwa mdomo wake jana asubuhi, kwa uhakika kwamba mama lishe hahesabiwi. Na yeye, inspekta mzima, hakumhesabu.

Saa nane mchana alikuwa tena kwa Kitwana. Safari hii aliingia moja kwa moja mpaka rafu ya nyuma, akavuta boksi alilolitazama Kitwana jana. Ndani kulikuwa na mipira mitatu mirefu iliyofumwa kwa waya. Aliifikicha kwa kidole: ilinata mafuta ya breki.

"Mali mpya hailowi mafuta, Kitwana."

"Afande, nisikilize." Kijana alikuwa amekunja mikono kama anayeswali. "Mzee Anuari aliileta Ijumaa, saa saba na nusu. Akasema Ismail kamtuma irudishwe, haikukaa. Nikaifuta nikairudisha rafuni niiuze tena. Jioni nikasikia Ismail kafa. Nikaogopa. Nikasema wakiikuta kwangu watasema nimeua mimi."

"Ukaona bora nimshuku mwenye gereji, na muuaji abebe jeneza."

Victoria alikuwa ameshageuzia vichwa vya mipira kwenye mwanga. Kwenye kila kichwa kulikuwa na mstari mfupi wa njano, umekatikia ukingoni.

*

Jumatatu, saa tatu asubuhi, walikutana gereji: Abdulatif, Kitwana, Fatuma, Zena, na Sajenti Bakili aliyesimama getini. Anuari alifika na bahasha yake ya chapati kama siku zote. Alipomwona Zena, alisita.

"Kaa, mzee," alisema Victoria. "Ijumaa ulikuwa msikitini mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mwisho. Nimeshakwambia."

"Mama Fatuma anasema saa sita na nusu ulikuwa chini ya pikapu, na yeye anakukanyagia breki."

"Mama huyu ni mtu mzima, amechanganya siku."

"Sijachanganya!" Fatuma aliruka. "Ulinikalisha mle ndani! Umenifanya nimuue mtoto wa watu kwa mguu wangu!"

"Na Kitwana anasema saa saba na nusu ulimpelekea mipira hii."

"Ismail alinituma. Ilikuwa haikai. Alitaka kufunga ya zamani, nikamkataza, hakusikia." Anuari alifungua mikono. "Marehemu hasemwi vibaya, lakini mmenilazimisha. Alijiua kwa ubishi wake."

Alisema vizuri, kwa huzuni, na kwa sekunde chache hata Abdulatif alionekana kutaka kuamini. Victoria alitoa kwenye mfuko bamba la chuma alilolikata kwenye chasisi ya pikapu, akaliweka juu ya benchi la kazi. Kando yake akaweka mpira mrefu. Akaingiza kichwa cha mpira kwenye tundu la bamba, akakizungusha taratibu. Nusu ya mstari wa njano ikaikuta nusu yake, ukawa mstari mmoja.

"Mpira huu ulikaa," alisema. "Ulikaa, ukakazwa, ukapigwa rangi. Nasreen alipanda gari hili saa nne asubuhi mipira hii ikiwa imefungwa. Ismail alimaliza kazi yake. Aliyekuja nyuma yake ni mtu anayeiona rangi hii ni mbwembwe, kwa hiyo hata hakuiangalia."

Anuari aliutazama mstari ule. Vidole vyake vilianza kuchanachana bahasha ya chapati.

Zena aliinama, akafunua shuka, akaitupa propela miguuni pake. Haikuhitaji maneno.

"Nilichomelea usiku," alisema Anuari mwishowe. "Watu wa mashine walikuwa wamefunga, na Adamu alitaka asafiri alfajiri. Nilijua haijashika vizuri. Nikasema itamfikisha, akirudi nitairudia. Akarudi mzima, nikaahirisha." Akanyanyua kichwa, na sasa hakukuwa na huzuni usoni, kulikuwa na ukali. "Miaka thelathini na tano nimejenga jina langu mtaa huu kwa mikono hii. Mtoto niliyemwokota hajui spana namba kumi na mbili, anakuja kwangu usiku ananiambia nikasimame mahakamani niseme mimi ni mwongo! Anipe mpaka Jumatatu! Mimi!"

"Alikuomba," alisema Zena. "Angeweza kwenda moja kwa moja polisi. Alikuheshimu akaja kukuomba."

"Sikutaka afe. Nilitaka agonge kidogo, watu waseme kazi yake mbovu, asiaminike tena. Nani angemsikiliza fundi aliyeua breki za gari alilolitengeneza mwenyewe?"

Hapo Victoria alishindwa kukaa. Alimsogelea mpaka pua zao zikakaribiana.

"Anayetaka mwenzake agonge kidogo anamwachia breki za nyuma. Wewe ulitoa mipira yote mitatu. Unajua kila gari linalonyanyuliwa hapa linajaribiwa kwenye tuta lile, kwa mwendo, kwa sababu shokapu hazipimwi gari likitambaa. Unajua chini ya tuta kuna ukuta. Ulimwona akinawa mikono saa tisa na nusu ukakaa kimya. Na mama mkunga alitakiwa awe kiti cha pili. Hilo ulilijua?"

Anuari aliitazama propela miguuni pake.

"Ulilijua?"

"Nililijua," alisema, kwa sauti ambayo haikufika getini.

Bakili alikuja na pingu. Abdulatif alikuwa amejishika kichwa, anarudia "Fundi, fundi," bila kumaliza. Victoria alimgeukia. "Na wewe utatoa maelezo. Mwezi mzima ulijua kuna mtu yuko jela kwa kosa la gereji yako, ukambembeleza kijana anyamaze."

"Nilikuwa na wafanyakazi kumi na…"

"Utayasema kituoni."

*

Jioni ile mkuu wake alimsoma Victoria kwa makini, karatasi mbili za maelezo zikiwa mezani. Ya kwanza ilihusu Anuari. Ya pili ilikuwa ya kufuta ripoti yake mwenyewe ya mwaka juzi.

"Hili la pili huna haja nalo," alisema mkuu. "Anuari amekiri. Wakili wa Adamu atalitumia hilo. Ukiandika kwamba hukulikagua gari, kila kesi uliyowahi kusimamia itafunguliwa upya. Umefikiria?"

"Nimefikiria. Zifunguliwe."

Alitoka bila kupiga saluti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na saba.

Alhamisi alikwenda gerezani. Adamu aliletwa chumba cha wageni akiwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, akakaa upande wa pili wa meza. Victoria alimweleza yote kwa mpangilio: propela, mchomeleo, Ismail, mipira mitatu, Anuari. Alipofika kwenye ripoti alisema, "Niliyeandika ni mimi. Sikuliona gari lako. Wakili wako ataipata karatasi yangu kesho."

Alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe. Adamu alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza.

"Huyo Ismail, nilimwona siku moja tu," alisema. "Alikuwa anafagia. Hatukuongea hata salamu." Akavigeuza viganja juu. "Nilikuwa nalala najiuliza, labda kweli nilikimbia. Nimelisema mara nyingi mpaka nikaanza kuona spidi mita inapanda. Umenifanya niamini, mama. Unajua hilo?"

"Sasa najua."

"Nitatoka lini?"

"Sijui. Wiki kadhaa, labda miezi. Nitamsukuma kila mtu."

"Basi usianze na mimi." Aliinua macho, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. "Kuna mama yuko Ikwiriri, mwanawe alikuwa amekaa nyuma yangu. Siku ya hukumu alinitemea mate. Na kuna mzee Mohoro, yule mwingine alikuwa mkewe. Hao wananilaani kila wakiamka. Nenda kwao kabla ya mahakama. Uwaambie kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi."

Victoria alitoa kalamu. "Nitajie majina yao."

Adamu hakuhitaji kufikiri. Alitaja jina la kwanza na la baba, kitongoji, duka linalotazamana na nyumba; akataja la pili, na njia ya kupita mto ukijaa. Alikuwa ameyashika yote kwa moyo. Akasimama kungoja amalize kuandika, kisha akayarudia polepole, mara ya pili, kuhakikisha hakukosea.